Refa Kahongwa

Jumatano ya tarehe 12 Januari 2022, jioni, nilikuwa nimebanana na watu wasiopungua hamsini ndani ya kibanda umiza cha mtaani kwetu. Kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao, feni moja inayozunguka pale inapojisikia. Tulikuwa tunaangalia Tunisia na Mali, Kombe la Mataifa ya Afrika, kutoka Limbe, Cameroon. Mali walikuwa mbele kwa bao moja. Dakika ya 85 mwamuzi, Janny Sikazwe wa Zambia, akapuliza kipyenga cha mwisho. Akakumbushwa kuwa muda bado, akarudisha mchezo. Kisha, sekunde chache kabla ya dakika ya 90 kutimia, akapuliza tena na kumaliza kabisa, bila kuongeza hata dakika moja, katika kipindi kilichokuwa na penalti mbili na kadi nyekundu.

Kibanda kikalipuka. "Kahongwa!" alipiga kelele kijana wa bodaboda aliyekaa mbele yangu. "Kahongwa huyo, mchana kweupe!" Mmoja akasema waliomhonga ni Mali. Mwingine akabisha, waliomhonga ni Tunisia, ila hela zimemchanganya mpaka kasahau ni nani aliyempa. Tukacheka wote. Na mimi nilicheka, ingawa katika watu wote mle ndani mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kunyamaza.

Baadaye ikajulikana kuwa Sikazwe alikuwa mgonjwa. Mechi ilichezwa mchana wa jua kali na unyevu wa pwani, akazidiwa na joto, akapelekwa hospitali. Yeye mwenyewe alikuja kueleza kuwa akili ilimpotea uwanjani na kwamba aliona amenusurika kifo. Mtu aliyekaribia kufa mbele ya macho yetu tulimwona mwizi. Hakuna aliyerudi kibandani kusema, jamani, tulimkosea yule. Novemba ya mwaka huohuo alipochezesha Ubelgiji na Canada kwenye Kombe la Dunia, Qatar, sauti ya kwanza niliyoisikia kwenye mabenchi yaleyale ilikuwa, "Si yule aliyehongwa?"

Ninaandika kulishitaki neno hilo moja. Sisemi kwamba halina ukweli kamwe. Lina ukweli mara nyingine, na nitaeleza nilivyojua. Ninalishitaki kwa sababu tumeligeuza kuwa jibu la kila kosa la refa, na kwa kufanya hivyo tumewasaidia wahongaji kuliko pesa zao zinavyowasaidia.

Nilisoma kozi ya uamuzi nikiwa mwaka wa pili chuoni, katika mji mdogo kando ya reli. Nilikuwa mchezaji mbovu ninayependa mpira, na watu wa aina hiyo huishia kuwa waandishi, makamishna au marefa. Aliyetufundisha alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, tukimwita Mwalimu tu. Alitusomesha sheria 17 kwa siku sita chini ya mwembe, akitumia vifuniko vya soda kama wachezaji. Alituambia kadi za njano na nyekundu zilibuniwa na mwalimu mwenzake, Mwingereza Ken Aston, aliyepata wazo hilo akiwa kwenye taa za barabarani, baada ya Kombe la Dunia la 1966 kujaa mkanganyiko wa nani kaonywa na nani hajaonywa. Zikatumika mara ya kwanza Mexico mwaka 1970. "Kadi si silaha," Mwalimu alisema. "Kadi ni namna ya kusema na mtu aliye mbali." Kadi yangu ya kwanza nyekundu niliikata kwenye jalada la daftari. Jezi nyeusi niliitoa mitumbani.

Kazi yenyewe nilijifunza kwenye ndondo. Posho ilikuwa elfu tano, ikiitwa hela ya soda, na ilitolewa kama timu mwenyeji ikishinda. Ikifungwa, mweka hazina hapatikani. Nilitukanwa mama yangu na watu ambao asubuhi yake tulisalimiana sokoni. Siku moja nilikataa bao la kuotea, na mechi ilipoisha watu wakanifuata kwa mawe mpaka kwenye banda la mama lishe. Yule mama akanisukuma chini ya meza, akanifunika na kanga, akasimama mlangoni na mwiko. Nilimsikia akiwaambia, "Hapa hakuna refa, kuna wali. Mnataka wali?" Wakaondoka. Akanitoa, akanipa sahani, akakataa hela yangu. Wiki iliyofuata mwanawe alicheza na nikampa kadi ya njano, na mama yule naye akanitukana pamoja na wenzake.

Nayasema haya kwa sababu refa wa kimataifa hazaliwi Zürich. Anatokea kwenye vumbi hilohilo. Yule mtu mtanashati unayemwona kwenye runinga akitangulia na mpira mkononi, kati ya timu mbili zilizopanga mistari, alianza kwa kukimbizwa kama nilivyokimbizwa. Anaanzia wilayani, anapanda mkoani, anapanda madaraja kwa mitihani ya sheria na ya mbio, anafika ligi za taifa, na akibahatika shirikisho la nchi yake linapeleka jina lake FIFA. Hawezi kuwa mwamuzi wa kati wa kimataifa kabla ya miaka 25, au msaidizi kabla ya miaka 23. Beji anayoibandika kifuani ni ya mwaka mmoja. Mwaka ukigeuka, lazima jina lake liwe limerudi kwenye orodha.

Na kila mwaka anakimbizwa na saa. Kwa wanaume wa ngazi hiyo ni mbio sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde sita. Akitoka hapo anakimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, kisha anarudia, mara 40 bila kusimama. Hizo ni kilomita nne. Siku ya mechi atakimbia kilomita kumi au zaidi, nyuma ya vijana wanaolipwa kwa mamilioni ili wamkimbie na, ikibidi, wamdanganye.

Akirudi nyumbani ana kazi nyingine. Said Belqola wa Morocco, Mwafrika wa kwanza kuchezesha fainali ya Kombe la Dunia, ile ya Ufaransa na Brazil mwaka 1998, alikuwa mtu wa forodha. Howard Webb wa fainali ya 2010 alikuwa polisi. Pierluigi Collina wa 2002 alikuwa mshauri wa mambo ya fedha. Tofauti ni kwamba Uingereza ilianza kuwapa marefa wake wa juu ajira ya kudumu mwaka 2001, wakati kwetu mwenye beji ya FIFA mara nyingi bado ni mwalimu, askari au muuguzi anayemwomba bosi ruhusa ili akaliwakilishe taifa.

Hadi hapa nimekuwa nikikuomba huruma, msomaji. Sasa nakuja kwenye bahasha.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi yetu. Nilikuwa nadai posho za mechi tatu, na katika ligi ile timu mwenyeji ndiyo iliyotakiwa kuwalipa waamuzi, jambo ambalo ukilifikiri vizuri ni sawa na mshitaki kumlipa hakimu mahakamani. Usiku wa kuamkia mechi, mtu wa timu mwenyeji alinifuata gesti. Alikuwa mpole sana. Aliniuliza habari za masomo, akanipa pole ya safari, kisha akaweka bahasha juu ya kitanda. "Hii ni nauli tu, mdogo wangu," akasema. "Sisi hatutaki upendeleo. Wewe chezesha haki."

Sikiliza maneno hayo. Hakuniomba chochote zaidi ya kile nilichoapa kukifanya. Ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi elfu arobaini. Kodi ya chumba changu ilikuwa imepita siku tisa. Nilijiambia kuwa wananidaiwa posho, kwa hiyo hii ni haki yangu iliyochelewa. Nilijiambia pia kuwa nitachezesha kwa haki, basi nitakuwa nimekula cha mtu bila kumtumikia. Nikaichukua.

Nilichezesha vizuri. Nasema kweli, kwa dakika themanini nilikuwa refa mzuri kuliko nilivyowahi kuwa, maana nilikuwa najilinda dhidi ya bahasha ile. Halafu mshambuliaji wa wageni akaingia kwenye eneo la hatari la wenyeji, beki akanyoosha mguu, yule kijana akaanguka. Nilikuwa mita kumi na tano, sijazibwa. Nikatikisa mikono: endelea. Mechi ikaisha sare, wenyeji wakapata pointi waliyoihitaji.

Sijui kama ilikuwa penalti. Nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko VAR yoyote inavyoweza kurudia. Kuna siku naona mguu ukigusa mpira kwanza, kuna siku naona ukigusa kifundo. Kama nisingechukua ile hela, lile lingekuwa kosa langu, au uamuzi wangu, na ningelala. Kila refa ana makosa yake, na kosa la uaminifu lina heshima yake. Mimi sina hata kosa hilo. Kwa elfu arobaini niliuza uwezo wa kujua kama nilikosea au nilipatia.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni kitu kingine. Kipyenga cha mwisho kilipolia, wageni walinizunguka wakipiga kelele, "Kahongwa! Kahongwa!" Nilikuwa nimeshaitwa hivyo mara nyingi kwenye mechi ambazo sikuwa nimepokea hata soda. Siku ile, kwa mara ya kwanza, ilikuwa kweli. Na kelele zilikuwa zilezile. Hazikuzidi wala hazikupungua. Matusi yaleyale, mawe yaleyale, njia ileile ya kukimbilia. Nilikimbia huku nikifikiri, kama bei ya wizi na bei ya uaminifu ni moja, kwa nini mtu alipe ya uaminifu?

Hapo ndipo ninapogombana na kibanda umiza, na vijiwe vya kahawa, na wachambuzi wa redio, na wewe uliye na simu mkononi unayeandika "kahongwa" kabla marudio hayajaisha. Mnadhani neno lenu linamwogopesha refa mla rushwa. Halimwogopeshi. Linamficha. Katika umati ambako kila mmoja ameitwa mwizi, mwizi hana pa kuonekana. Anayeumia ni yule mwingine, aliyekataa bahasha gesti, akalala na njaa, akachezesha kwa haki, akakosea jambo moja kama binadamu, kisha akasikia akiitwa kwa jina la kile alichokikataa. Mwiteni hivyo mara kumi. Mara ya kumi na moja bahasha ikija, atajiuliza amekuwa akiikataa kwa faida ya nani.

Nitajibiwa kuwa wala rushwa wapo. Wapo, na siwatetei. Nimeketi kwenye benchi lao. Novemba 2016, mjini Polokwane, Joseph Lamptey wa Ghana aliwapa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal kwa madai kuwa beki Kalidou Koulibaly ameshika mpira, wakati mpira ulimgonga gotini. FIFA ilimfungia maisha, ikafuta matokeo ya 2-1 na kuamuru mechi irudiwe. Ikarudiwa Novemba 2017, Senegal wakashinda 2-0 na kwenda Kombe la Dunia. Angalia namna ilivyofanyika. Kulikuwa na uchunguzi, kulikuwa na rufaa, kukawa na hukumu. Haikuamuliwa na kelele za jukwaani.

Na kuna Aden Range Marwa wa Kenya, aliye karibu nasi zaidi. Mwalimu. Mshika kibendera aliyeteuliwa kwenda Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, kilele ambacho marefa wengi wa ukanda wetu hawajawahi hata kukiota. Siku chache kabla ya mashindano, ikarushwa filamu ya waandishi wa uchunguzi wa Ghana, na ndani yake alionekana akipokea dola 600. Akajiondoa, na baadaye akafungiwa maisha. Dola 600 wakati ule ilikuwa kama shilingi elfu 60 za Kenya. Watu walicheka: kaiuza Urusi kwa bei ya simu!

Mimi sikucheka. Najua wepesi wa noti zile zinapowekwa juu ya kitanda. Najua pia haziji na sura ya rushwa. Zinakuja na sura ya takrima, ya shukrani, ya "mkono mtupu haulambwi". Sisemi umaskini ulimhukumu. Wapo waliokuwa maskini zaidi wakakataa. Nasema tu kwamba mtu anayepanda ngazi kwa miaka kumi na tano huku kila ngazi ikimfundisha kuwa malipo yake halali hayana uhakika na jina lake limeshachafuka, anafika juu akiwa na ulinzi mdogo sana. Kama tungetaka marefa wasionunulika, tungeanza kwa kuwalipa kwa wakati wakiwa bado wanakata kadi kwenye majalada ya daftari.

Tuna methali inayosema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa samaki sawa, wako kapu moja. Kwa watu ni methali ya wavivu. Hatuitumii kwa wachezaji. Mchezaji akijirusha, tunasema mjanja. Tunamfundisha mtoto wa miaka tisa aanguke, ashike goti, alie kidogo. Tarehe 22 Juni 1986, kwenye Uwanja wa Azteca, Maradona aliufunga mpira kwa mkono dhidi ya England, na dunia ikampa mkono ule jina la Mungu. Refa aliyedanganywa, Ali Bin Nasser wa Tunisia, akabaki na aibu. Alikuwa amemtazama msaidizi wake, Mbulgaria Bogdan Dochev, na Dochev hakuinua kibendera. Hakukuwa na video ya kumsaidia. Mwongo akaimbwa, na aliyedanganywa akaulizwa kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa anaangalia wapi. Walau Maradona alijua deni lake: mwaka 2015 alimtembelea Bin Nasser nyumbani kwake Tunisia na kumpa jezi yenye sahihi yake. Mashabiki hatujafika hata hapo.

Na kama ni mwanamke, tunatafuta neno baya zaidi. Siku sita tu baada ya ile mechi ya Limbe, tarehe 18 Januari 2022, Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea mjini Yaoundé, mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Amesomea uuguzi na ukunga. Alikuwa ameshachezesha Kombe la Dunia la wanawake la 2019 na Olimpiki ya Tokyo. Nilikuwa kibandani siku hiyo pia. Hakukuwa na la kulalamikia uwanjani, basi wakalalamikia safari yake. Hawakuuliza kapewa nini. Waliuliza kampa nani. Alikwenda Qatar mwaka huo akiwa kati ya wanawake watatu wa kwanza kuteuliwa kama waamuzi wa kati wa Kombe la Dunia la wanaume. Aliyepewa mechi ya kuichezesha kutoka katikati alikuwa Stéphanie Frappart wa Ufaransa, Costa Rica na Ujerumani. Mukansanga alibaki mezani kama mwamuzi wa akiba.

Hilo linanirudisha kwa Belqola. Alifariki mwaka 2002, miaka minne tu baada ya fainali yake, akiwa na miaka 45. Tangu 1998 hadi fainali ya 2022, hakuna Mwafrika mwingine aliyepewa fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Italia imepewa mbili, Argentina mbili, Uingereza moja, Poland moja. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Ila bara ambalo kila Jumapili linatangaza kuwa marefa wake wote wananunulika lina mdomo gani wa kuuliza kwa nini wengine hawawaamini? Hatuwezi kumwita mtu mwizi nyumbani kisha tukadai aheshimiwe ugenini.

Wapo wanaosema mashine itamaliza haya yote. VAR iliingia Kombe la Dunia mwaka 2018 na imesahihisha makosa mengi, siikatai. Lakini mbele ya kioo kile amekaa refa mwingine, aliyetoka kwenye vumbi lilelile, na anayeamua mwisho ni yuleyule mwenye kipyenga. Mechi ya Limbe ilikuwa na VAR. Kioo hakikuona kwamba mtu anaungua.

Ninachodai ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kioo. Kwanza, posho ya refa wa ngazi zote itoke kwa wanaoendesha ligi, ilipwe kabla ya mechi, na iwe mwiko kwa timu kumpa refa hata chupa ya maji. Ninyi mnaopigania uwazi wa mikataba ya serikali, ulizeni pia nani anamlipa refa wa wilaya yenu. Mtashangaa majibu.

Pili, refa aruhusiwe kusema. Tumemfunga mdomo kisha tunamsingizia ukimya. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023 marefa walieleza maamuzi ya VAR kwa kipaza sauti mbele ya uwanja mzima, na mpira haukufa. Kwetu tunasikia tu kuwa mwamuzi fulani amefungiwa mizunguko kadhaa, bila kuelezwa kama alikosea kuona, alikosea sheria, au alifanya hila. Hayo ni mambo matatu tofauti kabisa. Ukiyatupa yote kwenye kapu moja la "kafungiwa", umma utachagua tafsiri moja, na mnaijua ni ipi.

Tatu, na hili ni letu sisi wenye midomo: neno "kahongwa" tulitunze. Tuliweke pale tunapoweka maneno kama "muuaji", ambayo mtu halitamki mpaka awe na cha kuonyesha. Refa akikosea, sema kakosea. Sema kazembea, sema hana mbio, sema macho yake yamechoka, apumzishwe. Lugha yetu ina matusi ya kutosha kwa mtu aliyekosea kazi. Hili moja tuliachie siku ya ushahidi, ili siku hiyo likitamkwa, mtu atetemeke.

Mimi niliacha miezi miwili baada ya ile sare. Sikufukuzwa, hakuna aliyenigundua. Nilimrudishia Mwalimu kipyenga alichoniazima, nikamwambia masomo yamebana. Alinitazama muda mrefu. Alikuwa amechezesha miaka ishirini na saba, kwa baiskeli, na nyumba yake ilikuwa bado haijapigwa plasta. Mtaani kwake walimwita mla rushwa mstaafu. Alipofariki tulikwenda kuzika, na mzee mmoja akasema kando ya kaburi, kwa utani kabisa, kwamba marehemu asije akamhonga Munkari na Nakiri. Watu wakatabasamu. Nilikuwa na la kusema nikalimeza, kwa sababu ningelisema ningelazimika kueleza najuaje tofauti ya refa aliyechukua na asiyechukua.

Hivi karibuni nimelisema. Tulikuwa kibandani, mechi ya usiku, refa akanyima penalti, na yule kijana wa bodaboda akainuka na neno lake. Nikamwambia akae. Nikawaeleza, mabenchi yote yakisikia: gesti, bahasha, elfu arobaini, dakika ya themanini, mikono yangu ikitikisika kusema endelea. Sikupanga kueleza yote, ila nilipoanza nikashindwa kuishia katikati. Mwenye kibanda akapunguza sauti ya runinga. Nilitegemea wanitukane, nilikuwa nimejiandaa.

Yule kijana akaniangalia. "Sasa kaka," akasema, "ilikuwa penalti au haikuwa?"

Nikamwambia sijui.

Akangoja kidogo, kama mtu anayesubiri marudio, kisha akageuka kuendelea na mechi.